Kidole kinachofyatuka: uanze na banzi au uende kwenye kisu?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Makorora, Tanga:

"Asalaam aleykum mtaalamu, shikamoo. Nina miaka 51, napika vitumbua na mikate ya kumimina. Mwezi wa nne huu kidole changu cha pete, mkono wa kulia, kikishakunjwa kinakataa kurudi. Asubuhi ndiyo balaa: nakikuta kimejikunja kiganjani, nakifungua kwa mkono wa pili, kinapiga 'tak' na maumivu makali. Mchana kinalegea. Nina sukari, mwaka wa sita sasa nameza vidonge. Daktari mmoja kaniambia nipasuliwe, mwingine kasema nifunge banzi tu, na jirani yangu anasema ni baridi yabisi, nikandwe na mafuta ya nyonyo. Naogopa kisu, na naogopa kidole kikauke. Nifuate lipi? Halafu mjukuu wangu wa miaka miwili gumba lake limepinda, halinyooki. Je, amerithi kwangu?"

Waalaykum salaam, marahaba mdogo wangu.

Kwa hali uliyoieleza, mimi ningekuanzishia banzi kwa wiki sita, tena wiki sita za kuhesabu kwenye kalenda, huku tukiishughulikia sukari yako. Zikiisha na kidole bado kinanasa, ningekupeleka kwa mpasuaji bila kukuongezea miezi mingine ya kusubiri. Ipo na sindano katikati, ambayo hukuitaja, na nitakueleza kwa nini kwako siitilii nguvu kama ambavyo ningemshauri mtu asiye na sukari. Wale madaktari wako wawili hawagombani. Mmoja ametazama pa kuanzia, mwingine ametazama pa kuishia.

Kazi yangu ni kutengeneza mabanzi ya mikono na kuirudisha mikono kazini baada ya upasuaji, kwa hiyo wanaofika kwangu ni wa pande zote mbili: waliopona bila kukatwa, na waliokatwa. Nimewaona pia waliochelewa, na hao ndio wananifanya nikuandikie kwa urefu.

Weka ncha ya gumba la kushoto kwenye kiganja chako cha kulia, chini ya kidole cha pete, pale unapopita ule mstari wa juu wa kiganja. Bonyeza, kisha kunja na kunyoosha kidole taratibu. Nina hakika kubwa utahisi kijifundo kama punje ya kunde kikiteleza chini ya ngozi, na papo hapo ndipo panapouma. Ugonjwa upo hapo. Wewe unasikia "tak" kwenye kifundo cha katikati cha kidole, ndiyo maana watu hukanda kidole, hufunga kidole, hupaka kidole dawa, na kiganja hakiguswi.

Wajua nefa ya suruali inavyopitisha kanda. Kanda ikiwa laini na nefa ina nafasi, unavuta huku na huku bila shida. Kanda ikipata fundo, au mdomo wa nefa ukikazwa na uzi, utavuta itagoma, utaongeza nguvu, itaruka ghafla na kupita. Kidole kiko vivyo hivyo. Misuli inayokunja vidole iko mkononi chini ya kiwiko, na inavuta kwa kano, kamba nyeupe ngumu ambazo wengi wetu huziita mishipa. Kano ikiingia kidoleni hupita ndani ya ala, yaani mrija unaoifunika, na ala hiyo imeshikizwa kwenye mfupa kwa pete kadhaa ili kano isiinuke mbali na mfupa kidole kinapokunjwa. Pete ya kwanza iko kiganjani, mlangoni kabisa mwa ala. Hiyo ndiyo inayonenepa na kubana, na kano inayosuguliwa hapo hufanya fundo. Daktari Mfaransa aitwaye Notta alikieleza kijifundo hicho mwaka 1850, na mpaka leo kinatajwa kwa jina lake.

Utauliza mbona kidole hakishindwi kukunjika, kinashindwa kunyooka tu. Misuli ya kukunja ina nguvu kuliko ya kunyoosha. Ya kukunja hulivuta fundo likapenya peteni, lakini ya kunyoosha haiwezi kulirudisha, mpaka usaidie kwa mkono mwingine. Na asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu usiku tunalala tumekunja vidole, na majimaji ya uvimbe hutuama pale penye wembamba. Ukishaanza kazi yanasukumwa, kidole kinalegea. Kulegea huko mchana kusikudanganye kwamba umepona.

Sasa hiyo baridi yabisi ya jirani yako. Hajakosea kabisa, maana wenye baridi yabisi ya viungo hupata vidole vya kufyatuka, na wenye tezi ya shingo iliyolegea pia hupata. Ila wewe una sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni sukari. Katika watu wote, wawili au watatu kati ya 100 hupata tatizo hili maishani mwao. Kwa wenye kisukari hufika hata 10 kati ya 100, na mara nyingi huwapata vidole zaidi ya kimoja. Sukari ikikaa juu miaka mingi huzigandisha nyuzinyuzi zinazojenga kano na pete, zikawa nene na ngumu. Ongeza kwamba wewe ni mwanamke uliyevuka miaka 40, na kidole chako ni cha pete, ambacho pamoja na gumba ndivyo hushikwa zaidi. Usijilaumu kwa kazi zako. Hata hivyo kidole kikishaugua, kazi humchokoza mgonjwa. Ukikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kifuu unakishindilia kwa kiganja palepale penye ile pete, na ukikamua tui unafinya palepale tena. Mkono wa ndoo ya maji nao unakata palepale.

Mafuta ya nyonyo hayana ubaya ukijipaka mwenyewe taratibu kiganjani baada ya kuloweka mkono kwenye maji vuguvugu asubuhi, na mtu mwenye sukari ayapime kwanza maji kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vyake huenda havisikii joto sawasawa. Ninachokikataza ni kuvutwa. Kuna wakandaji huvuta kidole mpaka kilie, wakasema kimerudi. Kila mlio ni fundo linalokwaruzwa kwenye pete, na linaondoka pale limevimba zaidi.

Nije kwenye banzi, maana hapa ndipo panapoharibikia. Banzi la kidole kinachofyatuka halifungwi kama la kidole kilichovunjika. Nimepokea watu wamefungwa kijiti kidole kizima, kimekazwa kwa plasta mpaka ncha imekuwa ya bluu, na baada ya mwezi mtu ana kidole kigumu ambacho bado kinafyatuka. Kifundo tunachotaka kukizuia ni cha chini kabisa, kile kinachounganisha kidole na kiganja. Kikizuiwa, kano haisafiri mbali na fundo halifiki peteni kwa nguvu. Vifundo viwili vya juu vinabaki huru, unavikunja kama makucha ya paka. Banzi zuri linazunguka kiganja, linaacha gumba na vidole vingine vifanye kazi, na linakilaza kifundo hicho cha chini kikiwa kimeinama kidogo tu, digrii 10 hadi 15. Tunalifinyanga kwa plastiki ngumu inayolainika kwenye maji ya moto, tunailaza juu ya mkono wako mwenyewe, ikipoa inabaki na umbo lako. Nenda kitengo cha fiziotherapia pale hospitali ya Bombo, ukaeleze hasa unachotaka: banzi la kuzuia kifundo cha chini cha kidole cha pete, ncha ziwe huru. Wakiwa hawana plastiki hiyo, ule ubapa laini wa alumini wenye sponji unaotumika kwa vidole hupindika vizuri ukawekwa upande wa kiganja.

Unalivaa usiku na mchana. Nasema hivyo nikijua kwamba wewe huwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, na kwamba mikono yako haikai mikavu. Kwa udhu livue, osha mkono vidole vimenyooka bila kufumba ngumi, kausha vizuri katikati ya vidole, ulirudishe. Unyevu ukibaki chini ya plastiki ngozi huchubuka, na mchubuko kwa mwenye sukari ni jambo la kuangaliwa siku hiyohiyo. Kila baada ya saa mbili hivi, banzi likiwa mkononi, kunja zile ncha mara 20 taratibu, ili kano isigande ndani ya ala. Nazi zako zipelekwe kwenye mashine ya kukunia kwa wiki hizo, au mwanao akae kwenye mbuzi. Mwiko ushike kwa kushoto. Ndoo ibebwe na mwingine, na kama hayupo, zungushia mkono wa ndoo kitambaa kinene ili ushiko uwe mpana.

Na kuna tabia moja ambayo kila mgonjwa anayo: kukijaribu kidole. Mtu amekaa kibarazani, anakikunja, kinapiga, anakifungua, anakikunja tena kuona kama kimepona. Nakuomba uiache. Kipime mara moja kwa juma: asubuhi ya siku uliyoichagua, vua banzi, fumba ngumi mara 10, hesabu kimenasa mara ngapi, andika. Wiki ya kwanza pengine utaandika 10. Ikifika wiki ya nne ukiandika tatu au mbili, tuko njiani. Ukiandika 9, banzi limeshajieleza.

Nikupe hesabu ili usije ukaniona nimekuahidi nisichonacho. Mwaka 1992 madaktari wa mikono Patel na Bassini walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliofungwa mabanzi ya namna hii na wengine 50 waliochomwa sindano. Waliopona kwa banzi walikuwa asilimia 66, kwa sindano asilimia 84. Gumba lilifanya vibaya kwa banzi, nusu tu walipona. Vidole vingine vilifanya vizuri zaidi. Waliokaa na tatizo zaidi ya miezi sita, au wenye vidole vingi, banzi liliwasaidia kidogo. Wewe uko mwezi wa nne na kidole kimoja. Ndiyo maana nakutaka uanze juma hili, usingoje Idi ipite.

Ile sindano ni steroidi, inayochomwa kiganjani karibu na pete. Inapunguza uvimbe, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Kwa mtu wa kawaida ningeiweka mbele ya kisu bila kusita. Kwa mwenye sukari inafanya kazi kwa unyonge zaidi, tatizo hurudi mara nyingi zaidi, na baada ya kuchomwa sukari hupanda, hasa siku mbili za mwanzo, ikaweza kukaa juu karibu siku tano. Sisemi kwamba ni haramu kwako. Ukiichagua, mwambie anayekuchoma kwamba una sukari na vidonge gani unameza, pima kila siku juma hilo, na usikubali kuchomwa zaidi ya mara mbili au tatu kidole kimoja. Ngozi ya pale yaweza kufifia rangi kwa miezi, hilo usilishtukie.

Haya, kisu. Umesema unakiogopa, na hofu yako naielewa, kwa sababu mtu akisikia "upasuaji" huona amelazwa, amewekewa usingizi, ndugu wako nje wanasoma dua. Upasuaji huu hauko hivyo. Unakaa macho. Unachomwa ganzi kiganjani tu. Mpasuaji anachana ngozi kama sentimita moja au moja na nusu, palepale ulipobonyeza, anaisogeza mishipa ya fahamu kando, na anaikata ile pete ya kwanza kwa urefu wake. Kano haiguswi. Pete ikifunguka, mlango unapanuka, fundo linapita. Kazi yenyewe ni dakika 10 au 15, jioni uko kwako.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi ganzi yake ilivyobadilika. Tuliosoma zamani tulikaririshwa kwamba dawa ya adrenalini haichanganywi kamwe na ganzi ya vidole, eti kidole kitaoza. Madaktari wa mikono huko Kanada, Donald Lalonde akiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba kwa vipimo sahihi ni salama. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ukisubiri kama nusu saa mahali pa kukata panakuwa pakavu, bila ule mkanda wa kukaza mkono unaomtesa mgonjwa kuliko kisu. Na kwa kuwa misuli haijalala, mpasuaji anakwambia hapohapo mezani: "Mama, fumba ngumi. Fungua." Unafumba, unafungua, kinateleza. Nimewaona watu wakilia kwa furaha mkono ukiwa bado wazi.

Zaidi ya 9 kati ya 10 hupona moja kwa moja. Yapo ya kuangaliwa. Kidonda chaweza kuingia vijidudu, na kwa mwenye sukari hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo kabla ya kukatwa dai kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kikiwa juu sana, heri muahirishe mwezi mmoja mrekebishe. Mshipa wa fahamu waweza kuguswa, kidole kikafa ganzi upande mmoja. Hutokea mara chache, na gumba lina hatari zaidi kwa sababu mshipa wake unapita juu juu. Pete ya pili, iliyo mbele yake, isikatwe, maana hiyo ikikatwa kano huinuka na kuinama kama upinde. Kovu hubaki lenye kuuma ukilishindilia, wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Vitumbua utageuza baada ya siku chache, lakini mbuzi ya nazi iache mwezi mzima au zaidi. Udhu na bandeji, muulize shehe wako juu ya kupangusa. Mimi ninachotaka ni kidonda kisilowe.

Wapo wanaoikata pete kwa ncha ya sindano bila kuchana ngozi. Lorthioir alieleza kukata kwa kupenya ngozi mwaka 1958, na kwa kidole cha pete au cha kati kwa mikono iliyozoea inafaa. Kwa gumba ningesita. Muulize mpasuaji amezoea ipi, akufanyie hiyo. Kwa kidole kama chako huna haja ya kusafiri mpaka hospitali kubwa za Muhimbili au KCMC, isipokuwa waganga wa hapa waone kuna jambo lingine.

Uliogopa kidole kukauka. Kinachokikausha ni kusubiri. Nilimpata mvuvi mmoja wa upande wa Mwambani aliyekaa na kidole kilichonasa miaka miwili, akivuta nyavu nacho hivyohivyo. Alipofunguliwa pete, mlio uliisha siku ileile, lakini kifundo cha katikati kilikuwa kimeshajifunga kwa kukaa kimekunjwa. Tulihangaika na mabanzi ya kunyoosha miezi mitano. Hakikunyooka chote. Bado anavua, na anashindwa kuingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Kwa hiyo kidole chako kikinasa siku moja kisifunguke hata kwa mkono wa pili, wiki sita zangu zimekufa hapo. Nenda hospitali juma hilo.

Na ukiona kidole kizima kimevimba, kina joto, kimeinama, na kukinyoosha kidogo tu unapiga kelele, hasa kama ulichomwa na mwiba wa samaki siku mbili tatu kabla, hicho ni usaha ndani ya ala. Hicho hakifungwi banzi wala hakingoji asubuhi. Ni Bombo usiku huohuo.

Mjukuu wako hajarithi kwako, na wala hana sukari kwa sababu hiyo. Gumba la watoto ni habari nyingine: fundo la kano linakua kuliko mlango wake, mara nyingi hugunduliwa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na mzazi hudhani mtoto alianguka. Haliumi. Kipapase kiganja chake chini ya gumba utakikuta kijifundo hichohicho, kidogo zaidi. Kwa baadhi yao hunyooka lenyewe wakikua, kwa hiyo katika umri wake wengi wetu husubiri tukimwona mara kwa mara, na mama yake akilinyoosha polepole kila siku bila kumliza. Steroidi watoto hawachomwi. Akikaribia miaka minne bado limepinda, mpasuaji huifungua pete kama ya mtu mzima, ila yeye atapewa usingizi. Siku ukienda kwa banzi lako, nenda naye atazamwe mikono yote miwili, kwa kuwa wakati mwingine gumba la pili nalo huwa limeshikwa na hakuna aliyeona. Mpaka hapo, asilivute mtu.